Mudimbe alizaliwa Likasi: msomaji wa Likasi anapata nini katika riwaya zake?

LIKASI, Haut-Katanga – Mwezi wa Aprili 2025, habari ilitoka Marekani kwamba Valentin-Yves Mudimbe amefariki, akiwa na umri wa miaka 83. Alikuwa amefundisha huko kwa miaka mingi, na kitabu chake The Invention of Africa, kilichotoka mwaka wa 1988, kinasomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Lakini historia ya maisha yake inaanza na mstari mmoja ambao wakaaji wa hapa wanausoma kwa namna yao: alizaliwa Jadotville, tarehe 8 Desemba 1941.

Jadotville ni Likasi. Wakati wa wakoloni mji ulibeba jina la Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyekuwa mmoja wa vichwa vya Union Minière. Jina la Mbelgiji liliondoka, mji ukabaki, na shaba pia ikabaki.

Jina la Mudimbe linajulikana kuliko vitabu vyake. Mtu anaweza kumaliza masomo akijua tu kwamba huyo ni "profesa mkubwa", bila kushika mkononi hata riwaya yake moja. Basi mkaaji wa Kikula, wa Panda au wa Shituru akiamua kukaa na riwaya hizo, moja baada ya nyingine, kisha akaongeza za vijana waliokuja nyuma yake, atakuta nini? Atajiona ndani yake? Na je, kitabu kinaongea naye, au kinaongea na wengine juu yake?

Padri asiyejua akae upande gani

Riwaya ya kwanza ya Mudimbe, Entre les eaux, ilitoka mwaka wa 1973. Mtu wake mkuu ni Pierre Landu, padri Mkongomani aliyesoma hadi Roma. Landu anaona kwamba Kanisa lake limeshikana na wenye mali na wenye nguvu. Anaacha parokia, anaingia msituni pamoja na waasi wanaofuata mafundisho ya Marx. Anaamini kwamba huko atamkuta Kristo wa maskini.

Hakumkuta. Waasi hawamwamini, kwa sababu kwao yeye bado ni mtu wa Wazungu, mwenye maneno ya vitabu na mikono laini. Anaona mauaji, anatafuta sababu za kuyakubali, na sababu zenyewe zinamtoka mikononi. Mwishowe anarudi nyuma ya kuta za monasteri, bila amani.

Msomaji wa Likasi hatashangazwa na padri huyu. Mji huu ulijengwa na kampuni, na kando ya kampuni walikuwepo wamisionari. Kampuni ilitoa kazi, nyumba na posho, misheni ikatoa masomo na ubatizo. Familia nyingi za hapa zina mzee aliyefundishwa kusoma na padri au na masista, na ambaye hadi leo anashindwa kusema kama aliokolewa au alinyang'anywa kitu. Kwa kawaida anasema yote mawili katika sentensi moja. Mudimbe mwenyewe alipita njia hiyo: akiwa kijana aliingia kwa Wabenedikto huko Rwanda, kisha akatoka, akaenda Lovanium na baadaye Louvain, ambako alipata udaktari mwaka wa 1970.

Kuna jambo moja linalochosha katika riwaya hii, na ni afadhali lisemwe. Landu anafikiri sana. Kurasa nyingi zinapita akijichunguza roho, huku watu wanaomzunguka, wanakijiji, askari, wanawake, wakibaki kama vivuli ukutani. Msomaji aliyezoea hadithi inayokwenda atafunga kitabu mara mbili au tatu. Akikifungua tena ataelewa kwamba mwandishi amefanya hivyo kwa kusudi. Mtu anayejitazama ndani bila kukoma hawezi kumuona aliye mbele yake, na hiyo ndiyo dhambi ya Landu.

Waziri na msichana wa nganda

Miaka mitatu baadaye, 1976, ilitoka Le Bel immonde. Hapa Mudimbe anashuka Kinshasa, katika miaka ya uasi baada ya uhuru. Waziri mmoja anampenda msichana wa baa, Ya. Msichana huyo anatoka katika kabila la waasi, na watu wake wanamtaka amchunguze waziri kwa faida yao. Yeye amekamatwa katikati ya kitanda cha mtu wa serikali na damu ya nyumbani kwao.

Ni kitabu kifupi, na kinasomeka kwa siku mbili. Kinachobaki kichwani ni jinsi kila mtu anavyomtumia mwenzake huku akijiambia kwamba anatimiza wajibu. Waziri anatumia dola, waasi wanatumia ukoo, naye Ya anatumia kile ambacho amebaki nacho. Msomaji anaweza kuuliza kama kitabu hiki ni cha miaka ya 1960 tu. Mtu aliyeona kampeni za uchaguzi, ambapo kabila linaamshwa asubuhi na kulazwa jioni kadiri wakubwa wanavyohitaji, hatapata shida kujibu.

Daftari la sista wa Kolwezi

Riwaya inayogusa zaidi msomaji wa Katanga ni Shaba deux, ya mwaka wa 1989. Ni daftari la Mama Marie-Gertrude, sista Mwafrika anayeishi Kolwezi wakati wa vita vya 1978.

Wazee wa hapa hawahitaji kuelezwa vita hivyo. Katikati ya Mei 1978, wapiganaji wa FNLC, wengi wao wakiwa majandarma wa zamani wa Katanga waliokuwa wamekimbilia Angola, waliingia Kolwezi. Siku chache baadaye askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka kutoka angani, na Wabelgiji wakafuata. Katika vitabu vingi vya huko Ulaya, hadithi hiyo ni ya Wazungu waliookolewa. Wakongomani waliokufa wanatajwa kwa ujumla, kama idadi.

Mudimbe anageuza meza. Wazungu wanaondolewa, na masista wa Ulaya wanaondoka pamoja nao. Anayebaki ni Marie-Gertrude. Mwanamke ambaye miaka yote alifundishwa kutii anajikuta amepewa nyumba nzima aiongoze, wakati mji unaungua. Anaandika kila siku: sala, hofu, maneno madogo ya jikoni, majeruhi, uvumi. Hajui nani anashinda. Hajui hata kushinda kungekuwa kitu gani.

Kwa msomaji wa Likasi, mji ulio kwenye njia moja na Kolwezi, kurasa hizi zinafungua mlango mwingine. Katika nyumba nyingi za Katanga, vita vya 1978 havisimuliwi. Wazee wanasema "wakati wa vita vya Kolwezi" kama mtu anavyosema "wakati wa mvua", kisha wanabadilisha mazungumzo. Mtoto anakua akijua kwamba kuna baba mdogo ambaye hakurudi, na kwamba haifai kuuliza. Daftari la sista halijibu swali hilo, lakini linampa mtoto sababu ya kurudi kwa mama mzee na kuanza hivi: "Nimesoma kitabu fulani…" Kuna familia ambamo hilo linatosha kufungua mdomo uliofungwa miaka arobaini na zaidi.

Mji wa mashimo na kelele

Baada ya Mudimbe, msomaji anaingia kwa vijana, na hapo sauti inabadilika kabisa. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1981 na anayeishi Graz, Austria, alitoa Tram 83 mwaka wa 2014. Kitabu kilipata zawadi ya Etisalat na kikatafsiriwa katika lugha nyingi.

Mji wa riwaya hiyo hauna jina la kweli. Una stesheni ya chuma ambayo haikumalizika, migodi, jenerali mwasi, watalii wa kila aina wanaotafuta mawe, na nganda moja ambamo wote wanakutana usiku. Lucien, mwandishi, anafika akiwa na makaratasi yake. Rafiki yake Requiem haamini makaratasi; yeye anaamini biashara na ujanja. Sentensi ni ndefu, zinarudia, zinapiga kelele kama orkesta iliyoamua kutolala.

Mtu wa Likasi atacheka tangu kurasa za kwanza. Anawajua watu hawa: wachimbaji wa mikono wanaotumia usiku mmoja fedha ya wiki nzima, wanafunzi wanaogoma, wageni wanaosema wamekuja kwa ajili ya maendeleo. Anayajua pia magofu. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906, serikali ikaichukua mwaka wa 1967 na ikawa Gécamines. Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, miji yote iliyokuwa ikiishi kwa mshahara wake ilianguka pamoja nayo. Tram 83 haielezi anguko hilo hata kwa ukurasa mmoja. Inaonyesha tu jinsi watu wanavyocheza juu ya mabaki.

Lakini kicheko kina mwisho wake. Wanawake wa Tram 83 ni wengi, na karibu wote wamewekwa pale kwa ajili ya macho na fedha ya wanaume. Wanaita, wanauza, wanapita. Wahakiki kadhaa walimlaumu mwandishi kwa hilo. Mama wa Likasi anayeosha mawe ya kopa mtoni, akiwa na mtoto mgongoni, ili kulipa masomo ya wakubwa, hayumo ndani ya nganda hiyo. Mtu anaweza kujibu kwamba riwaya inaonyesha ulimwengu jinsi wanaume walevi wanavyouona. Inawezekana. Hata hivyo, msomaji aliyetoka kwenye daftari la Marie-Gertrude anahisi tofauti: pale mwanamke mmoja aliandika dunia nzima, hapa dunia nzima inamtazama mwanamke bila kumuuliza jina.

Kuchimba chini ya kitanda

Sinzo Aanza, mzaliwa wa Goma, alitoa Généalogie d'une banalité mwaka wa 2015. Wazo lake ni rahisi na la kutisha: katika mtaa maskini wa mji wa shaba, watu wanaanza kuchimba ndani ya viwanja vyao wenyewe, chini ya nyumba zao.

Msomaji wa mbali atadhani kwamba mwandishi ametia chumvi. Msomaji wa Katanga atafikiria Kasulo, mtaa wa Kolwezi, ambako tangu mwaka wa 2014 wakaaji walichimba kobalti ndani ya nyua na hata ndani ya vyumba. Shimo lilianza pale kitanda kilipokuwa, na kuta za jirani zikaanza kupasuka. Katika jambo hili riwaya na maisha zilikwenda bega kwa bega.

Hapa msomaji anaelewa kitu ambacho ripoti za mashirika hazimpi. Ripoti inasema watu wanachimba kwa sababu ya umaskini, na ni kweli. Riwaya inaonyesha kwamba mtu anayevunja sakafu ya nyumba yake anafikiri pia, anabishana, anafanya mzaha, anaota. Anajua nyumba inaweza kumwangukia. Anajua vilevile kwamba wenye kampuni walichimba miaka mia moja bila yeye kuonja, na sasa anataka kuona kwa macho yake kilichokuwa chini ya miguu ya babu yake.

In Koli Jean Bofane, katika Congo Inc. ya mwaka wa 2014, anapeleka swali hilohilo mbali zaidi. Isookanga, kijana Mekonda kutoka msituni, anavutiwa na utandawazi na mchezo wa kompyuta ambamo makampuni yanapigania madini. Anaenda Kinshasa kutafuta bahati. Bofane anakumbusha jinsi dunia ilivyojilisha kwa Congo, vita baada ya vita, mpaka urani ya bomu la Hiroshima. Kwa wengi huo ni mstari wa historia. Kwa mtu wa Likasi ni jirani: Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani hiyo, uko karibu na mji huu.

Kitabu kinaongea na nani?

Akifika hapa, msomaji anaweka riwaya zote mezani na anaona kinachoziunganisha. Zote ziliandikwa kwa Kifaransa. Zote zilichapishwa Ufaransa. Zinauzwa kwa euro, na njia ya kutoka duka la Paris mpaka nyumba ya Kikula ni ndefu: inapita kwa rafiki anayesafiri, kwa ndugu aliyeko Ubelgiji, au kwa nakala iliyopitishwa mkono hadi mkono mpaka jalada likatoka.

Kwa aliyesoma shule, Kifaransa si ukuta. Ukuta unaonekana anapotaka kumsimulia mwingine. Mama aliyeuza makala na sombe ili mtoto amalize masomo anamuuliza mtoto huyo: kitabu hicho kinasema nini? Mtoto anaanza kueleza Landu kwa Kiswahili cha nyumbani, na anagundua kwamba maneno yanapatikana. Padri aliyekimbilia msituni, sista aliyebaki peke yake, mtu anayechimba chini ya kitanda: hakuna hata kimoja kisichosimulika kwa lugha ya sokoni. Mama anasikiliza, anakata maneno, anauliza: huyo padri, mama yake alikuwa wapi? Ni swali ambalo Landu, kwa kujifikiria kwake kote, hakulipa nafasi ya kutosha.

Kiswahili cha Katanga kilikwisha kuonyesha nguvu yake kwenye karatasi. Mwaka wa 1965, André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa ajili ya chama cha waliokuwa maboyi wa Wazungu, na aliiandika kwa Kiswahili cha mji huo, kama watu walivyokisema. Mtaalamu Johannes Fabian aliichapisha mwaka wa 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Haikuwa riwaya, lakini yeyote anayedai kwamba lugha hii inafaa kwa mzaha na biashara tu, apewe kitabu hicho.

Hata kuchapisha hapahapa kulifanyika. Riwaya ya Georges Ngal, Giambatista Viko, ilitoka Lubumbashi mwaka wa 1975, wakati yeye na Mudimbe walipokuwa wakifundisha katika mji huo. Ni kilomita kama 120 kutoka Likasi, wala haikuhitaji kupita uwanja wa ndege.

Mfano mwingine unatoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2021, aliandika Paradise kwa Kiingereza mwaka wa 1994. Mwaka wa 2022 riwaya hiyo ilitoka kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, ikiwa imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Ndani yake msafara wa wafanyabiashara unatoka pwani, unavuka ziwa na kuingia upande wa magharibi, ambako leo ni Congo. Mkongomani anayesoma Peponi atakutana na maneno ya pwani asiyoyatumia, na mara kwa mara atasimama. Lakini hatahitaji kumtafsiria mama yake. Atamsomea tu, jioni, na kueleza neno moja hapa na jingine pale.

Jambo hilo dogo linabadilisha kitabu. Riwaya inayosomwa kimya na mtu mmoja mwenye diploma inabaki mali yake. Riwaya inayosomwa kwa sauti uani inapata mashahidi, wapinzani na warekebishaji. Kama Shaba deux ingesomwa hivyo Kolwezi au Likasi, pangetokea mzee wa kusema: hapana, haikuwa hivyo, mimi nilikuwepo. Hapo kazi ya mwandishi ingeendelea bila yeye.

Mudimbe aliishi mbali na nchi tangu mwanzo wa miaka ya 1980, lakini hakukata kamba: aliipa Chuo Kikuu cha Lubumbashi maktaba yake mwenyewe. Mji aliozaliwa unaweza kumjibu kwa njia isiyo na gharama kubwa. Nakala moja ya Entre les eaux na moja ya Shaba deux katika kila shule ya sekondari. Mwalimu mmoja anayekubali kuzifungua mbele ya darasa na kuruhusu mjadala uendelee kwa Kiswahili. Mwanafunzi mmoja anayejaribu kutafsiri ukurasa wa daftari la sista, kisha anaupeleka nyumbani.

Usiku, kutoka Shituru, mtu akitazama upande wa viwanda anaona taa na moshi kama ambavyo babu yake aliviona. Mtoto mwingine amezaliwa leo katika hospitali moja ya mji huu. Siku moja atatafuta kitabu kinachosema alikotoka. Kwa sasa atakipata kwa Kifaransa, kwa bei ya Ulaya, ikiwa atakuwa na ndugu anayesafiri.